Jeneza Fupi la Magomeni

Magomeni,
S.L.P. 41,
Kilosa.
24 Novemba, 1974.

Mpendwa mdogo wangu Stefano,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba sana. Natumaini karatasi hii itakukuta wewe, mkeo Filomena na watoto mkiwa wazima huko Bukoba, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Unasema kinaletwa na mvua za ziwani. Mimi nashuku ni chaki. Mwalimu anayekohoa kila muhula ukianza na kupona kila likizo ikifika, mvua asiisingizie. Kunywa asali na limau, na uache kupuliza vumbi la ubao.

Sisi huku tunaendelea kwa rehema za Mungu. Shemeji yako Mathayo goti bado linamsumbua tangu astaafu reli, ila likifika suala la kwenda kusikiliza redio dukani goti hilo hupona ghafla. Odilia yuko darasa la saba, anasoma, au anasema anasoma.

Mama mkubwa Selestina amehamishwa kutoka mlimani kama wenzake, wamepangwa kando ya barabara kwenye kijiji kipya. Aliambiwa nyumba atajengewa, mbao zitaletwa. Nilimshauri aje na mlango wake wa zamani kichwani kwa mjukuu, na amekuja nao. Mpaka leo ndiye peke yake katika safu ile mwenye mlango; wenzake wanafunga kwa magunia. Sisemi kitu kuhusu siasa, Stefano, barua hupita mikono mingi. Nasema tu kwamba mlango ni mlango.

Unga tunaopata dukani ni ule wa njano ulioletwa na meli. Wanaume wamesambaziana maneno kwamba unawapunguzia nguvu, kwa hiyo wanaula wakinuna. Mimi nilimpa kwanza kuku, nikamwangalia mpaka jioni. Kuku hakupata neno, tukala.

Uliniuliza kama tulisikia yale masumbwi ya Kinshasa. Tulisikia. Wanaume wote wa Magomeni walikuwa dukani kabla jua halijatoka, na kelele zilipopigwa nilidhani kuna nyumba inaungua. Mathayo alirudi akirusha ngumi hewani na lile goti lake. Mimi nikamwuliza, mtu mwenye nguvu kama tembo anachokaje ghafla hivyo mbele ya mtu aliyekuwa ameegemea kamba tu anapigwa? Nani alimpikia chakula usiku ule? Mathayo hakusema nami siku nzima.

Na vijana wetu wamepata ugonjwa mwingine, viatu vya raizoni. Soli kama tofali, juu yake suruali ya bugaluu inayofagia barabara, juu kabisa nywele kama kichaka. Vijana wa chama wakiwakamata wanawachana suruali mbele za watu. Hilo silipendi. Lakini mtu anayeongeza kimo chake kwa soli, najiuliza nini kingine amekiongeza.

Najua unacheka. Ulisema kwenye barua yako ya mwisho kwamba ningezaliwa mwanaume ningekuwa inspekta, na kwamba michezo ya redio imeniharibu kichwa. Basi kaa chini, maana sasa nataka kukueleza jambo lililotokea hapa mapema mwezi huu, na nalieleza kama lilivyokuwa. Usilisikie kwanza kwa watu wa Morogoro, wao wameshaongeza chumvi.

Ilikuwa Alhamisi, mchana. Lori liliingia kutoka njia ya Mikumi na kijiji cha Ulaya limebeba jeneza. Waliofuatana nalo walikuwa wanaume wawili na mwanamke mmoja kijana. Walikuwa wanaelekea stesheni kusafirisha maiti kwa treni mpaka Muheza, kwao marehemu. Stesheni wakaambiwa mvua imekula tuta la reli huko mbele ya Gulwe, treni haitafika mpaka kesho yake au keshokutwa, na maiti haiwezi kulala pale kwenye benchi za abiria. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Cleopa, alikuwa stesheni siku hiyo. Unamjua Cleopa, hawezi kuona mtu anahangaika akapita. Akawaambia, njooni kwangu Magomeni, watu hawakosi pa kulaza marehemu wao.

Ndivyo jeneza lilivyoingia uani kwa Cleopa, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wanaume sita walilishusha na wote sita walitoka jasho. Tukafanya kama tunavyofanya siku zote. Wanaume wakatandika majamvi nje, wanawake tukaweka sufuria la maharage motoni, jirani yangu Sikuzani akaleta mikeka yake japo yeye ni Mwislamu na marehemu alikuwa Mkristo. Mimi kama mama wa kanisa nikaanzisha wimbo. Marehemu tuliambiwa aliitwa Melkizedek, mkata miwa wa Ruaha. Mkubwa wa wale wanaume, aliyejiita Damiano, alisema ni kaka yake. Wa pili, kijana mwenye raizoni, alisema ni binamu. Yule mwanamke ndiye mjane, Yunis.

Nilianza kushuku katikati ya ubeti wa pili. Sikutafuta kushuku, Stefano, mambo yenyewe yalinijia.

La kwanza, inzi. Jua la Novemba la Kilosa umelikulia. Nyama ikisahauliwa toka asubuhi, ikifika saa sita unaitafuta kwa pua. Maiti hii ilitoka Ruaha, imepita Mikumi, imekaa lorini na stesheni, na inzi wote wa Magomeni walikuwa kwenye maharage yetu. Kwenye jeneza hakutua hata mmoja. Lilinuka rangi mpya basi.

La pili, yule kaka. Tulipomwomba kwa heshima afungue mahali pa uso ili watu watoe heshima zao, alisema daktari amekataza. Marehemu alikufa kwa kuharisha na kutapika, akasema, ugonjwa wa kuambukiza. Wanawake wote wakasogeza mikeka nyuma. Mimi nikabaki najiuliza, kama ni ugonjwa wa kuambukiza, mbona ametuletea katikati ya watoto wetu, na mbona yeye mwenyewe ameegemea jeneza hilo akila karanga?

La tatu, mjane. Alikaa ukutani amenyoosha miguu, kucha zimepakwa rangi nyekundu iliyobanduka, macho makavu kabisa. Hakulia tulipoimba, hakulia mchungaji alipoomba. Alikuwa analitazama lile jeneza kama mtu anayetazama mzani wa mpunga. Nikasema moyoni, huyu amekodishwa.

Nilikwenda nyumbani nikamwambia Mathayo. Alikuwa anavua viatu. Akanitazama, akasema, "Umeanza."

"Nenda ukanuse mwenyewe," nikamwambia.

"Mama Odilia, nikanuse msiba wa watu? Ulisema unga una sumu. Ulisema masumbwi yamepangwa. Juzi ulisema yule Mchina aliyepita kutengeneza saa ni askari. Leo umefika kwenye maiti. Hebu waache watu walie."

"Ndiyo hapo. Hawalii."

Akajifunika shuka. Nami sikumlaumu sana, maana kweli nilikuwa nimesema hayo yote. Na kushuku msiba si jambo dogo. Ukikosea, umemtukana maiti, mjane na wafiwa kwa pamoja, na kanisani utakaa benchi peke yako mpaka ufe. Nililala nalo.

Asubuhi nikabeba uji nikampelekea yule mjane. Alikuwa ameketi jikoni kwa Cleopa peke yake, wale wanaume wamekwenda stesheni kuulizia treni. Nilikusudia kumnasa, nakiri hilo. Nikampa kikombe, nikakaa kwenye kigoda.

"Kunywa, mwanangu."

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Marehemu aliugua muda mrefu?"

"Hakuugua, mama." Akapuliza uji. "Wanasema ni nyati. Walikwenda kukata miti upande wa Mikumi, nyati akawatokea."

Kaka mtu amesema kuharisha, mke anasema nyati. Nikamwuliza kama yeye alimwona mumewe baada ya kufa.

"Wamenikatalia. Wamesema nyati amemharibu, nikimwona nitapata wazimu. Nimekuta jeneza limeshapigwa misumari." Akaweka kikombe chini. Akaangalia mlangoni, akasema kwa sauti ya chini sana, "Mama, mume wangu alikuwa mrefu. Kitandani miguu yake ilikuwa inatoka nje, nilikuwa namwekea kibao cha kuegemeza. Lile jeneza ni fupi."

Stefano, nywele zilinisimama. Nilikuwa nimekuja kumkamata mwongo, na mbele yangu yupo mtu anayeshuku kuliko mimi, tena peke yake, katikati ya watu wanaomwimbia. Kumbe macho yake yalikuwa makavu kwa sababu hajui kama amefiwa. Atamlilia nani, na kama hamlilii, mumewe yuko wapi?

Nikamwuliza huyu Damiano ni shemeji yake kweli. Akasema hapana, ni mtu aliyekuwa anafika fika kwao Ruaha kumchukua mumewe kwenda kazini. Yunis alipoanza kumwulizia mumewe kwa majirani, ndipo Damiano akaja na lori na jeneza, akamwambia apande, waende wote Muheza kuzika, na njiani akiulizwa na askari aseme yeye ni mjane. Basi. Alipanda kwa kuwa kama Melkizedek yumo, hawezi kumwacha aende na watu wale. Kwao yeye ni Njombe, hana ndugu huku.

"Nikienda polisi watanicheka," akasema. "Niwaambie nini, jeneza limepungua?"

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe polisi wa hapa wananijua. Nilishawahi kuwapelekea habari ya mtu niliyedhani ni mwizi wa baiskeli, akawa ni mkaguzi wa shule. Nilikaa nikafikiri, nikaona kwamba kusema kweli hakutasaidia kitu, lakini kusema alichosema Damiano kutasaidia sana.

Nikaenda ofisi ya afya kwa bwana Lukasi. Humjui, alihamia baada yako. Ni yule anayemwaga maziwa ya watu barabarani akiona yana maji, na kuandika vyoo vibovu kwa chokaa. Haamini mtu yeyote, ndiyo maana nampenda. Nikamwambia neno moja tu, kwamba pale kwa Cleopa imelala maiti ya mtu aliyekufa kwa kuharisha na kutapika, na kaka yake mwenyewe ndiye amesema. Bwana Lukasi hakumaliza chai yake.

Alifika na glavu za mpira, kitambaa cha pua, na mtu wa kunyunyizia dawa. Damiano alikuwa amerudi. Bwana Lukasi akamwuliza mbele ya watu wote, "Marehemu alikufa kwa nini?"

"Kuharisha, bwana afya. Lakini amefungwa vizuri, na treni inakuja jioni."

"Maiti ya kuharisha haipandi treni. Mwaka huu wa hofu ya kipindupindu hapana. Atazikwa hapa hapa, leo, kaburi refu, na chokaa juu."

Ungemwona Damiano. Alisogea akasimama kati ya bwana Lukasi na jeneza. Halafu akasema, samahani, kwa kweli haikuwa kuharisha, alisema vile kuwafukuza watu wasisogee. Ilikuwa nyati.

"Nyati wa wapi?"

"Wa huko... Mikumi."

"Ndani ya hifadhi? Basi mtanionyesha karatasi ya polisi. Mtu akiuawa na mnyama lazima polisi waandike."

Mzee Cleopa alikuwa anamtazama mgeni wake kama mtu aliyekuta jongoo ndani ya kiatu. Damiano akafuta jasho, akasema labda ilikuwa ni kuharisha baada ya kuumizwa na nyati, yeye si daktari, na kama serikali inasema azikwe hapa basi azikwe, kaka yake hatachukia. Nilimwelewa mara moja. Karatasi za polisi hawezi kuzipata, lakini kilichozikwa kinaweza kufukuliwa watu wakishaondoka.

Kaburi likachimbwa. Saa tisa tulikuwa makaburini watu wengi, hata waliokuwa wanaogopa ugonjwa walikuja wakasimama mbali. Mathayo alikuja pia, goti na yote, akasimama karibu yangu bila kuniangalia. Mchungaji akasoma. Jeneza likashushwa kwa kamba, na kamba zililia. Kisha, kama desturi ilivyo, mchungaji akamwita mjane atangulie kutia udongo.

Yunis akasogea mpaka ukingoni. Akashika udongo, akaushikilia mkononi. Nilikuwa nyuma yake. Hatukuwa tumepanga kitu, nakuapia. Mimi nilifika mwisho wa akili yangu kwa bwana afya, nilidhani tutawavizia baadaye. Yeye akageuka akawatazama watu, akaufungua mkono, udongo ukaanguka miguuni pake.

"Simtupii udongo mtu nisiyemwona," akasema. "Naomba nimwone mume wangu."

Damiano akaja juu. Akasema mjane amechanganyikiwa, ugonjwa utatumaliza wote.

"Kama ni ugonjwa," Yunis akasema, "mimi nimekula naye sahani moja. Nife. Bwana afya, naomba nimwone."

Bwana Lukasi alimtazama Yunis, kisha Damiano, kisha akaanza kuvaa glavu pole pole, kidole kwa kidole. Akasema kila mtu arudi nyuma, yeye anaruhusiwa kisheria, atafungua mwenyewe. Akaomba sururu.

Hapo ndipo yule mwenye raizoni alipokimbia. Stefano, viatu vile havikutengenezwa kwa makaburi. Alivuka kaburi la kwanza, la pili soli ilinasa kwenye jiwe, akaenda chini na bugaluu yake ikapasuka mpaka kiunoni. Wachimba kaburi walimkalia mgongoni. Ningecheka siku nyingine.

Bwana Lukasi alishuka na sururu, misumari ikalia, mfuniko ukainuka. Halafu akauliza kama yupo askari karibu. Ndani palikuwa na mablanketi, na ndani ya mablanketi pembe za tembo, zimepangwa kichwa na mguu kama watoto kitandani. Zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa ndogo, za tembo ambao hata hawakukua.

Yunis aliangalia mle ndani mpaka akaridhika kwamba hakuna mtu. Ndipo akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile na nimeimba misiba mingi.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo ninapoota bado. Watu walipoelewa kwamba wameimba, wamepika, wamesali na kuchimba kwa ajili ya pembe, walibadilika. Watu haohao tuliowazoea, Stefano, watu wa kwaya. Walimgeukia Damiano na majembe. Mtu mmoja alimpiga na mpini begani akaanguka kwenye udongo wa kaburi, na wengine wakaanza kuokota mawe. Mzee Cleopa alikuwa anapiga kelele waache, hakuna aliyemsikia. Mchungaji alisukumwa. Mathayo aliniacha akaingia katikati na goti lake bovu, hakufika.

Aliyefika ni Yunis. Alijirusha juu ya Damiano, akamfunika kwa khanga yake na mwili wake, akapiga ukelele, "Msimuue. Msimuue. Yeye ndiye anayejua alipo."

Mawe yakabaki mikononi. Mmoja mmoja wakayaachia. Nilimwona mtu mzima, baba wa watoto, anaficha jiwe nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Yunis alibaki vilevile amemlalia yule mtu, anamwuliza sikioni, "Yuko wapi? Niambie yuko wapi," mpaka askari walipofika kumwinua.

Damiano alisema kila kitu, au alisema alichotaka kusema. Kwamba Melkizedek alikuwa mbebaji wao, kwamba nyati alimuua kweli, na kwamba walimfunika kwa mawe chini ya mti wakaendelea na safari, kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito na mtu wa kubeba amepungua. Baada ya hapo jeneza likawaingia akilini. Msiba ulikuwa wa kweli, wakaona wasiuache upotee bure.

Walinzi wa hifadhi walikwenda naye na kumpata Melkizedek alipoelekeza. Fisi walikuwa wametangulia. Yunis alitambua mkanda, aliushona mwenyewe kwa uzi mwekundu ulipokatika. Bwana Lukasi aliuliza maswali mengi kuhusu mfupa wa kichwa, akautazama muda mrefu, akasema hilo ni la daktari wa Morogoro, na daktari wa Morogoro mpaka leo hajajibu. Nyati hatumii panga, hilo najua. Zaidi ya hapo kesi iko mahakamani na mimi siyo inspekta.

Tulimzika Jumapili iliyofuata. Ndugu zake wa Muheza walipelekewa simu ya maandishi wakajibu azikwe tu, nauli hakuna. Kwa kuwa lile kaburi lilikuwa wazi, tulimweka humo. Safari hii Mathayo aliagiza jeneza refu, akasimama kwa seremala mpaka likakamilika, ingawa kilichobaki cha marehemu kingetosha kwenye kikapu. Hakunieleza kwa nini na sikumwuliza. Magomeni yote ilikuja. Wale walioshika mawe waliimba kwa nguvu kuliko wote. Yunis alitia udongo wa kwanza.

Sasa anaishi kwetu, analala chumba kimoja na Odilia. Amefuta rangi kwenye kucha. Aliniambia mumewe ndiye alikuwa anapenda. Watu wananiheshimu sana siku hizi, na hilo linanichosha. Kila anayepotelewa na kuku anakuja kwangu. Mathayo hasemi tena "umeanza", anasema "wewe unaonaje?", na mimi nikimwambia ninavyoona anakosa usingizi.

Lakini kuna jambo moja sijamwambia yeye wala mtu mwingine. Juzi tulikuwa tunamenya mihogo uani, mimi na Yunis. Alikuwa anazungumza kwa raha kidogo, mara ya kwanza tangu aje, ananisimulia jinsi mumewe alivyokuwa anaingia ndani ameinama kwa sababu ya mlango. Akasema, "Mara ile ya kwanza aliyorudi salama alinibeba mpaka ndani, akagonga kichwa." Halafu akaendelea na mihogo.

Mara ile ya kwanza. Mtu aliyekwenda kukata miti hahesabiwi mara za kurudi salama.

Unajua nilivyo, Stefano. Swali lilinijia mpaka kwenye meno. Nilitaka kumwuliza alijua nini kuhusu zile pembe, na tangu lini, na kama alijua, mbona alipanda lori. Nilimwangalia. Alikuwa ameinama juu ya beseni, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sijauona ukilegea hata siku moja. Nikachukua muhogo mwingine, nikamwuliza kama Njombe nako wanautwanga au wanauchemsha.

Akanieleza wanavyoupika. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Msalimie sana Filomena, mwambie kitambaa cha kanisani nilichomwahidi nimekidarizi nusu. Wabusu watoto. Mama mkubwa Selestina anakusalimu kutoka mlangoni kwake, na Sikuzani, na mzee Cleopa ambaye amekonda kidogo lakini bado anakaribisha wageni, ila siku hizi anawauliza majina mara mbili. Mathayo anakusubiri Krismasi mbishane kuhusu Kinshasa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akufungulie njia ya kuja, na akukinge na kila anayekusogelea akicheka sana.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na hilo ndilo jambo pekee nisilolishuku,

Magreti